Jibu la Kwanza Litoshe: Ilani ya Kuanzisha Harakati

Sisi tunaoweka sahihi chini ya ilani hii ni wakazi wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Kibra, Eastleigh, Garissa na Kiambaa. Wengi wetu tuna majina ambayo karani huyasoma mara mbili kisha akainua macho. Kati yetu wamo Wanubi, Wasomali, Wamakonde, Wapemba, Washona, Wahindi na Waarabu wa Pwani. Wamo pia Wakikuyu waliozaliwa Likoni na Wajaluo waliozaliwa Changamwe, na watoto wa baba huku na mama kule, ambao kila upande unawahesabu kuwa wa upande mwingine. Tunaanzisha harakati hii kwa dai moja: Mkenya akiulizwa ni wa wapi na akajibu, jibu lake la kwanza litoshe.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hili linahitaji harakati nzima, na asimame asubuhi moja kwenye duka la leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa. Anaingia mama mmoja mcheshi, mteja wa siku nyingi. Anapekua leso mpya zilizoning'inizwa, anasoma majina yake kwa sauti, anacheka, anachagua. Wanapatana bei. Ndipo anapomwambia mwenye duka, kwa mapenzi kabisa: "Maashallah, Kiswahili chako kitamu, mtu atadhani umezaliwa hapa."

"Nimezaliwa hapa, mama. Makadara."

"Eeh, Makadara. Lakini kwenu hasa?"

"Hapa hapa Mombasa."

"Baba, mimi nauliza asili. Bombay?"

Mwenye duka anakunja leso, anaitia kwenye mfuko. "Babu yake baba alitoka Kutch."

"Ahaa!" Mama ameridhika. Analipa, anamwombea dua ya heri, anasema Wahindi ni watu wazuri, hawana makuu, na anatoka akiwa na furaha. Hakumtukana mtu wala kuinua sauti. Mwenye duka naye hamwekei kinyongo. Akirudi wiki ijayo atampunguzia bei tena. Hata hivyo amejibu mara tatu, mara zote tatu amesema kweli, na jibu pekee lililopokelewa ni lile lililomvusha bahari, jibu la mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Na kabla ya adhuhuri ataingia mteja mwingine mwenye swali hilo hilo.

Mama huyu ndiye tunayemwandikia. Mwenye chuki hatumwandikii, kwa sababu yeye ana sheria yake. Tangu 2008 Kenya ina Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na anayetumia maneno ya kutisha au ya matusi ili kuchochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo haiwezi kumgusa mama wa leso, wala hatutaki imguse. Nani atampeleka mtu mahakamani kwa kumsifu jirani yake? Lakini neno linalosemwa kwa tabasamu haliachi nafasi ya kulijibu. Tusi hujibiwa. Sifa hushukuriwa, na anayekataa kushukuru ndiye anayeonekana mkorofi. Hivyo mtu hunyamaza miaka nenda miaka rudi, na aliyemwambia hajui hata siku moja kwamba amemwekea mpaka.

Sifa hizo tunazijua kwa moyo. "Wewe ni Msomali lakini huna fujo." "Wewe si kama wale wengine." "Sikukudhania Mturkana, umesoma sana." "Nyinyi Wakamba ni waaminifu, ndiyo maana nataka mlinzi Mkamba." "Nywele zenu laini, mna bahati." Daktari kijana kutoka Mandera anamaliza kumhudumia mgonjwa, na mgonjwa, akiwa na shukrani ya kweli, anamwambia kwamba watu wake wangekuwa kama yeye nchi hii ingetulia. Daktari anajua kuwa mgonjwa amekusudia kumpandisha. Anajua pia kwamba ngazi aliyopandishiwa imesimamishwa juu ya migongo ya mama yake, kaka zake na mtaa mzima uliomlea. Aseme nini? Akisema asante, amekubali. Akikataa, amemkosea mgonjwa.

Na ile sifa ya mlinzi Mkamba, itazameni vizuri. Anayeitoa huamini anawaheshimu Wakamba. Wakati huo huo ameshaamua kijana wa Kikamba aliyekuja na cheti cha uhasibu atapata kazi gani kwenye kampuni yake. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wetu kwa njia hiyo hiyo: hawa wa jeshi, hawa wa shamba, hawa wa jikoni, na kila kundi likatafutiwa sifa ya kulifanya liridhike na mahali lilipowekwa. Wakoloni wameondoka, sifa tumebaki nazo.

Wenzetu wengine wametuuliza: je, haya si mambo madogo? Nchi ina njaa, ina ukosefu wa kazi, ina ufisadi, nanyi mnahangaika na maneno ya dukani? Jibu letu ni kwamba swali la dukani halikuanzia dukani. Lina ofisi, lina mhuri, na limewagharimu watu maisha yao.

Lilianza rasmi na kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume akatembea na karatasi yake ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni, kabila lake likiwa limeandikwa humo ili askari yeyote njiani ajue huyu ni wa wapi na kwa nini yuko hapa. Baadaye kipande kikaondoka. Swali likabaki, likahamia kwenye dirisha la vitambulisho. Kijana wa kabila lisiloshukiwa alitimiza miaka 18, akapeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akachukuliwa alama za vidole, akangoja. Kijana wa Kinubi wa Kibra alipeleka karatasi hizo hizo, kisha akaambiwa angoje siku ya kupigwa msasa. Siku hiyo akakaa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, akaulizwa kuhusu babu yake, kuhusu kaburi la babu yake, kuhusu lugha inayozungumzwa nyumbani.

Mababu hao wa Kinubi waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakatumikia King's African Rifles, wakapewa Kibra wakae. Vizazi vyao havina kwingine. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, na 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikatoa uamuzi wa kuunga mkono jamii hiyo. Hatimiliki ya ekari 288 za Kibra waliipata 2017. Zaidi ya karne nzima ya kujibu swali moja!

Wasomali wa Kenya walipata la kwao 1989, pale kila mmoja wao alipotakiwa kupigwa msasa upya na kupewa kadi ya ziada juu ya kitambulisho alichokuwa nacho tayari. Mwalimu, askari, hata mtumishi wa serikali mwenye miaka mingi kazini alipanga foleni kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Aprili 2014 maelfu walizolewa Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani hadi karatasi zao zikaguliwe. Tangu zamani, mtu wa Wajir au Garissa anapopanda basi kuja Nairobi huwaambia watu wa nyumbani kwamba anakwenda Kenya. Na akirejea wanamuuliza, Kenya hali ikoje? Wanaosikia msemo huo kwa mara ya kwanza hucheka. Sisi hatuoni kichekesho. Mtu ameambiwa kwa miaka 60 kwamba si wa hapa, mwishowe ulimi wake mwenyewe umezoea.

Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, watoto na wajukuu wao wakazaliwa Kwale, wakaishi bila kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, hakuna laini ya simu kwa jina lako. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Wakaitwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa kuwa la 44. Washona, ambao wazee wao walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakihubiri Injili, walitambuliwa Siku ya Jamhuri 2020. Wapemba wakafuata 2023.

Tulishangilia kila moja ya siku hizo, na tungeshangilia tena. Lakini kuna jambo lililotukaa kooni, na lazima tuliseme hapa. Katiba ya 2010 inampa uraia mtu kwa kuzaliwa na mzazi ambaye ni raia, tena inaruhusu anayestahili kuomba uraia kwa kusajiliwa. Hakuna kifungu ndani yake kinachosema mtu awe na kabila kwanza. Hata hivyo wengi wa hao iliwabidi watambuliwe kwanza kama kabila ndipo mlango ufunguke, ikawa kwamba njia ya kuwa Mkenya inapita kwanza kwenye orodha ya makabila. Mtoto ambaye baba yake ni Mmakonde na mama yake ni Mdigo, na bibi yake ni Mkamba wa Shimba Hills, apewe nambari ipi?

Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi mjini Wajir tangazo la kukomesha msasa huo wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Tunalipokea kwa mikono miwili. Tumeishi Kenya kiasi cha kutosha kujua pia kwamba tangazo la Ikulu na desturi ya karani ni vitu viwili. Karani yule hakutumwa na sheria peke yake kuuliza mara ya pili na ya tatu. Alilelewa katika mtaa ambamo kila mtu huuliza hivyo, na kwa upole. Ndiyo maana tunaanza na mtaa. Kamati ya msasa na mama wa leso wanatofautiana kwa kila kitu, kwa nia, kwa mamlaka, kwa sauti, ila kwa jambo hili moja: wote wawili wameambiwa na mtu anatoka wapi na wote wawili hawakuridhika.

Kuna njia moja ya kujitetea ambayo tumeamua kutoitumia. Ni ile ya kutaja mashujaa. Tungeweza kusema kwamba Makhan Singh alisimama Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950 akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, akawekwa kizuizini mpaka 1961. Tungeweza kumtaja Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, aliyefungwa na wakoloni na kisha akapigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 24, 1965, Kenya huru ikiwa na umri wa miezi 14. Tunawaenzi. Lakini muuza leso hakuwahi kufungwa kwa ajili ya uhuru, na mama yake hakuwahi kuandika historia. Wauza mahamri wa Kibra hawajashinda mbio zozote za kimataifa. Ukitulazimisha kuleta shujaa ndipo utupokee, umetufanya wageni wanaolipa kodi ya sifa. Wengine hawaombwi shujaa. Wanazaliwa tu, basi.

Sasa tuseme tusichokataa, maana tumeanza kusikia kwamba tunataka kuwafunga watu midomo. Hatukatai kuulizana makabila. Mtu akisikia lafudhi ya kwao katika matatu na akauliza kwa shauku ili asalimie kwa lugha ya mama, huo ni undugu, na unajulikana kwa jinsi anavyolipokea jibu. Hatukatai utani. Watani wa kweli wana haki na wana wajibu: mtani anakuchokoza leo na anabeba jeneza la baba yako kesho, na wewe una ruhusa kamili ya kumrudishia. Utani huenda na kurudi. Maneno tunayoyazungumzia hapa huenda upande mmoja tu. Hakuna anayemwambia Mkikuyu wa Nyeri kwamba anaongea Kiswahili vizuri kama mtu wa Kenya.

Wala hatusemi kwamba mkosaji ni yule wa mbali siku zote. Hapa Pwani, tunaojua uchungu wa kuulizwa asili, ndio tunaomwambia jirani aliyezaliwa Kisauni, wazazi wake wakitoka Murang'a, kwamba "mbara, lakini sasa umekuwa kama sisi." Miaka 40 amechota maji nasi, amezika nasi, na bado ni "kama". Harakati hii inamlinda yeye pia. Asiyekubali hilo asiweke sahihi. Tunajua maneno haya huishia wapi yakiachwa. Katika Bonde la Ufa majirani waliozoeana waliitwa madoadoa, neno jepesi, la kuchekea mwanzoni, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Hatusemi mama wa leso anabeba panga. Tunasema aliyebeba panga hakuhitaji kubuni orodha mpya ya wageni. Aliikuta imetayarishwa na watu wema.

Kazi yetu, basi. Sehemu kubwa tunamwachia mtu wa tatu. Mara nyingi maneno haya yanaposemwa huwa kuna mwingine pale: mfanyakazi mwenza, abiria, mwalimu wa zamu, shangazi harusini. Aliyeguswa amechoka kujieleza, na aliyesema hajui. Yule wa tatu ndiye mwenye nafasi. Tunataka azoee kusema, bila ukali, "Amekwishajibu, mama. Ni wa Makadara." Basi, mazungumzo yaendelee. Tutafundishana jambo hilo katika vikao vya mitaa, kwa mifano, kwa kuigiza, mpaka litoke mdomoni bila kufikiriwa. Hatutamrekodi mtu na kumtupa mitandaoni. Anayefanya hivyo kwa jina letu atatolewa, kwa sababu mtu mwema akiaibishwa mbele ya watu hageuki kuwa mwema zaidi, hujificha tu.

Shuleni tutazungumza na walimu kuhusu siku za utamaduni. Mtoto wa Kimaasai asivikwe shanga na kusimamishwa mbele ilhali wenzake wa makabila makubwa wanakaa kama watazamaji wasio na utamaduni. Ama wote wavae, ama asivae yeyote. Mwalimu akipokea jina geni kwenye sajili, na aulize linavyotamkwa, alitamke, aendelee na jina linalofuata. Kwa waajiri ombi letu ni kwamba usaili uishie kwenye kazi. Kwa watangazaji, kwamba mwanariadha, mwanasayansi au mwizi wa mfukoni atajwe kabila lake pale tu habari isipoweza kueleweka bila hilo. Tumeona anavyokuwa Mkenya anaposhinda na Msomali anaposhtakiwa.

Na kwenye ofisi za usajili tutakuwepo kwa miili yetu. Kila kijana wa eneo letu anayekwenda kuomba kitambulisho na anayehofia msasa ataweza kumwomba mmoja wetu amsindikize. Msindikizaji atakuwa na nakala ya tangazo la Wajir, daftari na kalamu. Ataandika tarehe, ofisi, karatasi zilizopelekwa na kila swali la ziada lililoulizwa. Hatagombana na karani. Madaftari hayo yatakusanywa kila baada ya miezi mitatu na kupelekwa kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na kwa wabunge wa maeneo husika, majina ya vijana yakiwa yameondolewa.

Anayetaka kujiunga atajaza fomu yenye nafasi ya jina, nambari ya simu na mtaa anaoishi. Nafasi ya kabila haimo, na nafasi ya kaunti ya asili haimo. Tunawahitaji wasindikizaji mwanzo katika Kwale, Kibra na Garissa, hasa wenye muda wa asubuhi siku za kazi, na wanaoweza kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali saa tano bila kukata tamaa.